Goma: Mtengenezaji programu ndiye analipia ofisi ya bosi wake

Kazi ya kutengeneza programu za kompyuta inasifiwa kuwa kazi isiyo na mipaka. Kijana wa Goma, Bukavu ama Butembo akiwa na kompyuta na intaneti, anaweza kufanyia kazi kampuni ya Paris, Brussels ama Nairobi bila viza na bila kupanda ndege. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili, swali ambalo zamani lilijificha limeonekana wazi: nani analipia mahali pa kazi?

Katika ofisi ya kawaida jibu ni rahisi. Mwajiri analipa nyumba, meza, umeme, intaneti na mlinzi wa mlangoni. Umeme ukikatika, wafanyakazi wote wanakaa wakisubiri na hakuna anayeulizwa sababu. Kwa yule anayefanya kazi nyumbani kwake Himbi ama Ndosho, mambo ni kinyume. Umeme ukikatika ni shida yake. Mega zikiisha ni shida yake. Betri na sola ananunua yeye, kwa dola. Hata mtandao wa Starlink, uliokatazwa nchini mwezi wa tatu 2024 na kupewa ruhusa na mdhibiti wa mawasiliano ARPTC mwezi wa tano 2025, unahitaji mtu anunue kifaa kwanza ndipo aanze kulipa kila mwezi. Wakati wa mapigano ya Goma, mji ulikosa umeme, maji na intaneti kwa pamoja. Kwa fundi wa programu, hiyo ni sawa na ofisi kubomoka, na ofisi hiyo ni yeye aliyeijenga.

Jambo linaloonekana kidogo zaidi ni desturi ya kazi yenyewe. Timu nyingi za watengenezaji programu duniani huanza siku kwa mkutano mfupi, dakika kumi na tano hivi. Kila mmoja anasema alichofanya jana, atakachofanya leo, na kinachomzuia. Swali la tatu liliwekwa kwa ajili ya vizuizi vya kazi: sehemu ya programu inayogoma, ruhusa ambayo mwenzake hajatoa. Anayeishi Goma akijibu kwa ukweli, jibu lake litakuwa lile lile leo, kesho na kesho kutwa: umeme, intaneti, usalama. Akilirudia wiki nzima, wenzake wa mbali wanaanza kumuona yeye mwenyewe kuwa ndiye kizuizi. Kwa hiyo wengi wana sababu ya kunyamaza. Mtu anasema hana kizuizi, kisha anafanya kazi usiku umeme ukirudi, na asubuhi anaingia tena mkutanoni kana kwamba alilala. Bosi anaona kazi imefika kwa wakati. Gharama haoni.

Saa nazo zina hesabu yake. Kwa anayefanya kazi na Paris, Goma ina bahati: wakati wa baridi Ulaya tofauti ni saa moja tu, na wakati wa joto hakuna tofauti. Lakini kampuni ya San Francisco ikifungua saa tatu asubuhi wakati wa baridi, Goma ni saa moja ya usiku. Ikifunga jioni, Goma inakaribia alfajiri. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kikomo hicho kinamlinda aliyeajiriwa. Mtengenezaji programu anayeandikwa kwenye mkataba kuwa mtoa huduma huru hahesabiwi humo. Hana likizo ya kulipwa, na mwajiri hamtolei mchango wa CNSS, hata kama anaingia mkutanoni kila asubuhi, anapokea amri kutoka kwa mkuu mmoja na hana mteja mwingine. Mtu wa namna hiyo ana uhuru gani? Jina tu.

Kisha unakuja mshahara. Stripe, mojawapo ya kampuni kubwa za malipo ya intaneti, haina Kongo katika orodha ya nchi ambako mtu anaweza kufungua akaunti ya biashara. Banki za Goma zilifunga milango vita vilipoingia, na wakaaji wakabaki na pesa za simu ama kuvuka mpaka kwenda Gisenyi. Noti zilipokosekana, kutoa pesa kwenye kabini kukawa na bei yake. Kila hatua, kutoka kwa anayetuma mpaka mkononi, inakata kidogo, na makato yote yanamwangukia yule yule aliyelipa sola na mega.

Kuna ubishi wa zamani kati ya kampuni zinazofanya kazi kwa mbali: je, mtu alipwe kulingana na kazi, ama kulingana na mahali anapoishi? GitLab, ambayo wafanyakazi wake hawana ofisi ya pamoja, huangalia mahali katika kupanga mshahara. 37signals ilichagua njia nyingine: kiwango cha San Francisco kwa wote, popote walipo. Wanaotetea njia ya kwanza husema maisha ni rahisi katika nchi maskini. Hoja hiyo inasahau kitu. Muhogo na samaki vinaweza kuwa rahisi Goma kuliko California, lakini nyumba inapangwa kwa dola, kompyuta inatoka nje, na umeme wa uhakika ni wa kujinunulia. Anayepunguziwa mshahara kwa sababu anaishi Goma anakatwa mara mbili: kwenye mshahara, na kwenye gharama za Goma.

Siyo kwamba kazi hii haiwezi kupangwa vingine. Mwezi wa pili 2001, wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakaandika kanuni ambazo timu nyingi bado zinafuata. Mojawapo inataka kazi iende kwa mwendo ambao watu wanaweza kuuvumilia bila kuchoka. Hati yao haitaji umeme, na si ajabu. Git, chombo alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 na ambacho karibu kila fundi anakitumia, inamruhusu mtu kufanya kazi bila intaneti, akahifadhi kila hatua kwenye kompyuta yake, kisha akatuma yote mtandao ukirudi. Kwa hiyo chombo kinavumilia Goma. Kisichovumilia ni mkutano wa video ambao kila mmoja lazima awe na kamera wazi saa ile ile. GitLab yenyewe imezoea kuandika kuliko kuitana: taarifa inaachwa, mwenzako anaisoma akiamka. Timu ikifanya hivyo, mtu wa Bukavu aliyekosa intaneti saa tatu za asubuhi hajakosa kazi.

Wanaoanza ndio wako pabaya zaidi. Fundi mpya hujifunza kwa kukaa karibu na aliyemtangulia, na kazi ndogo ndogo alizokuwa akipewa sasa zinaweza kuandikwa na akili bandia, tangu ChatGPT ilipotoka mwisho wa 2022. Mkongwe ana jina na wateja wa kumvumilia. Mpya hana, na hawezi kuomba masharti mazuri.

Hata hivyo mkataba ni karatasi inayojadiliwa kabla ya kutiwa sahihi, na hapo ndipo nafasi ya kuomba ilipo. Gharama za intaneti, betri na makato ya kutuma pesa zinaweza kuandikwa humo kama gharama za kazi, mbali na mshahara. Taarifa ya maandishi inaweza kukubaliwa mahali pa mkutano wa video. Na kuna aya moja ambayo kampuni ya ng'ambo haiwezi kuifikiria bila kuambiwa: mji ukikatwa mawasiliano siku tano, fundi analipwa ama halipwi, na nafasi yake inamngoja siku ngapi?