KUCHAGUA CHAKULA UGENINI



Vijana wa Mtinko, kama wa kwingineko, siku hizi huenda kusoma nchi za mbali: wengine Bara Hindi, wengine China, wengine Ulaya. Wazazi huwapa nguo, fedha na dua. Lakini neno moja twaliona limesahauliwa, nalo ni kuwazoeza kula.

Wako wafikao ugenini wakakataa kila sahani kabla hawajaionja. Hula biskuti kwa chai, humaliza posho yao kwa kutafuta unga wa sembe, na kabla ya mwezi kwisha huwa wamekwisha kukopa. Mwili hudhoofu, na mwenye njaa hashiki masomo. Tena mwenyeji aliyewapikia huona amedharauliwa, asiwakaribishe tena. Basi hukosa chakula, na marafiki pia. Wahenga walinena: Mchagua nazi hupata koroma.

Hatusemi mtu ale kila kitu. Aliyekatazwa na dini yake, au na daktari, ana sababu, naye yafaa aheshimiwe. Wala hatusemi mwanafunzi anyamaze akipewa chakula kibovu. Mwaka 1952, zamani ambapo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu na vijana wake walikwenda Makerere, wanafunzi wa chuo hicho waligoma kwa ajili ya chakula. Abu Mayanja wa Uganda alifukuzwa kwa kuwa mmoja wa viongozi wa mgomo huo. Baadaye akasoma Cambridge. Kulalamikia chakula kibaya ni haki. Kukataa chakula chema kwa kuwa ni kigeni tu, hilo ni jambo jingine.

Na kusema kweli, ugonjwa huu hauanzii ng'ambo. Huanzia hapa hapa nyumbani. Wako watoto wa Mtinko, hasa waliokwisha kukaa mjini, ambao wakiwekewa ugali wa uwele na mlenda hukunja uso, wakasema hicho ni chakula cha wazee. Hutaka sembe nyeupe au wali. Hawajui kwamba mahindi asili yake ni bara la Amerika, nayo hayakujulikana Afrika kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Uwele ndio mzaliwa wa Afrika, nao huvumilia ukame ambao huyakausha mahindi shambani.

Sasa mtazameni kijana huyo akifika Bara Hindi. Huko uwele huitwa bajra. Ulitoka Afrika ukafika huko maelfu ya miaka iliyopita, na watu wa Rajasthan na Gujarat huusaga, wakaukanda kuwa mikate myembamba isiyotiwa hamira, wakaila kwa samli na mboga. Serikali ya India ndiyo iliyopeleka shauri mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2023 ukafanywa kuwa mwaka wa kuadhimisha uwele, ulezi, mtama na nafaka za jamii hiyo duniani kote. Kijana wetu aweza kuwekewa mkate huo mezani, akausukuma kando kama kitu kigeni, naye utoto wake wote alikuwa akifukuza ndege katika shamba la uwele la bibi yake!

Kwa hiyo twatoa shauri. Kwanza, wazazi wasimpikie mtoto chakula cha peke yake kila anapokataa cha wenzake. Na ale uwele, mtama, mlenda na maziwa ya mgando pamoja nao. Pili, aendaye ng'ambo na ajifunze kupika kabla ya kuondoka, maana ajuaye kupika huweza kuchukua vitu vya sokoni kwa wenyeji akavipika apendavyo. Tatu, akiisha kufika, na aonje kila kilicho halali kwake mara tatu kabla ya kukikataa. Mara ya kwanza ulimi hushangaa tu. Nne, akishindwa kabisa, na akatae kwa maneno ya adabu na shukrani, wala asiseme mbele ya mwenyeji kwamba chakula chake chanuka.

Mtumishi ahamishiwaye wilaya ya mbali naye shauri hili lamhusu vile vile. Mgeni wa Mtinko akiletewa kuku na ugali wa uwele, na anawe mikono, ale, kisha ndipo atoe maoni yake.

Sisi wenzenu wa Mtinko.