Vitabu Kumi kwa Mwezi, Kichwani Hamna Kitu: Mastaa Acheni Kudanganya Watoto wa Watu

Mwisho wa mwezi ukifika mjini hapa mambo matatu lazima yatokee: mwenye nyumba kugonga mlango, bando kukata, na yule dada staa kuposti rundo la vitabu. Jina halina haja, wanaomfuata wameshamjua. Vitabu kumi vimepangwa kama matofali, pembeni kikombe cha kahawa, kucha mpya zimeshika kava la juu, na chini yake maneno: "Mwezi huu nimemaliza kumi. Wewe je?"

Makopa yanamiminika, moto unawaka, machawa wanaitana kuja kusifia. "Dada una akili." "Malkia wa madini." Hakuna anayeuliza swali hata moja la maana.

Haya, ipigwe hesabu ya darasa la nne. Vitabu kumi, kila kimoja kiwe na kurasa 250 tu, ni kurasa 2,500. Gawa kwa siku 30, unapata kurasa 83 kila siku, Jumapili imo. Mtu anayesoma kwa kuelewa akitumia dakika mbili kwa ukurasa, hapo ni karibu saa tatu kila siku ya Mungu. Na mwezi huohuo dada alikuwa Dubai siku sita, akawa lokesheni wiki nzima, akafanya bethidei mbili, yake na ya mbwa wake. Sasa alisoma saa ngapi? Usingizini?

Ila uongo wa hesabu siyo kesi kubwa. Mastaa wanadanganya umri, wanadanganya magari ya kukodi, watu wanacheka maisha yanaenda. Kesi kubwa ni wanaoumia.

Kwenye rundo la mwezi huu kulikuwa na Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Dada akaandika kwamba ni kitabu cha kiroho, kimembariki sana na kumsogeza karibu na Mungu. Jamani! Kitabu kile kinamhusu Yusuf, mtoto wa miaka 12 ambaye baba yake ana deni kwa mfanyabiashara Aziz, na deni linapomshinda, mtoto anatolewa kama rehani. Anachukuliwa kwenda pwani, baadaye anaingia bara na msafara, wakati Mjerumani anazidi kuishika nchi. Hiyo "pepo" ya kwenye kava siyo ya mahubiri. Aliyesoma hata kurasa ishirini za mwanzo anajua.

Sasa akatokea kijana mmoja, mwenyewe anajitambulisha kwamba kaishia kidato cha nne na anauza vifaa vya simu. Akauliza kwa adabu zote: "Dada, samahani, huyu Yusuf alikuhuzunisha au alikukera?" Swali zuri kabisa, la mtu aliyesoma na anatafuta wa kuongea naye. Jibu alilopewa: "Watu wa bando la mia tano vitabu vya Kiingereza mtaviweza wapi?" Kisha akapigwa bloku.

Hapo ndipo stori inapoacha kuchekesha. Kijana kama yule hana chuo, hana mwalimu, nyumbani hamna kabati la vitabu. Kakisoma kile kitabu kwa tabu yake, kaenda kwa mtu aliyejitangaza mpenzi wa vitabu, kafukuzwa kama mwizi wa kuku. Na wengine wangapi wamesoma lile jibu wakiwa kimya, wakasema moyoni, kumbe kusoma ni kwa wenye pesa na Kiingereza, ngoja turudi kwenye umbea?

Na ajabu ni kwamba Paradise ipo kwa Kiswahili. Inaitwa Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, palepale Dar. Staa mwenye wafuasi wote wale angesema sentensi moja tu kuhusu hiyo, angewasaidia watu wengi kuliko picha zake za mwaka mzima. Hakusema, maana hajui. Kava la Kiswahili haliendani na kahawa.

Linganisha na dada mwingine, huyu siyo staa, ni wakala wa kutuma na kutoa pesa Mbagala. Kibanda chake ni cha mwavuli. Mwezi uliopita kasoma vitabu viwili na nusu, na hafichi kwamba ni viwili na nusu.

Cha kwanza Wasifu wa Siti binti Saad, kilichoandikwa na Shaaban Robert. Mtoto wa Fumba, maskini, anauza vyungu, halafu sauti ileile inamfikisha mpaka Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Wiki hiyo kibandani ilikuwa taarabu tu, Siti mwenyewe na Bi Kidude, mpaka wateja wakauliza kuna harusi ya nani. Anasema alikuwa anasoma sura moja, anaweka wimbo, anarudi tena kwenye sura ileile.

Cha pili Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha mwaka 1971, ambacho kiliwahi kuzuiwa mashuleni. Binti anachungwa na baba kwa kipigo, akitoka tu nje ya zile kuta hajui kujilinda. Alipokimaliza hakutaka kuongea na mtu. Akaweka Kifo ya Remmy Ongala, akairudia mara tatu, kisha akampigia mdogo wake wa kike anayesoma bweni wakaongea mpaka salio likaisha. Hiyo ndiyo maana ya kitabu kuingia.

Cha tatu Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kafika katikati. Filamu yake ya mwaka 2021 aliyoiongoza Amil Shivji anaijua, ila kaapa haangalii mpaka kitabu kiishe. Jirani anapiga singeli kuanzia saa nne asubuhi, kwa hiyo kusoma kunaenda kwa mwendo wa singeli: ukurasa mmoja, mteja, ukurasa mwingine, mteja. Muulize Yasmin ni nani, muulize Denge anataka nini, atakueleza mpaka uache kutoa pesa yako.

Viwili na nusu kwa kumi. Nani msomaji hapo?

Halafu hilo la muziki. Dada staa kaandika pia kwamba mwezi huu "nimefunga bongo fleva, miziki inapoteza muda, nalisha ubongo." Huyu aliyejulikana kwa kukata kiuno kwenye video za bongo fleva! Leo ngazi imempandisha, anaipiga teke. Mtu aliyemsoma Siti hawezi kusema upuuzi huo. Shaaban Robert, ambaye Waswahili wanamheshimu kuliko waandishi karibu wote, alikaa chini akaandika kitabu kizima kumhusu mwimbaji. Hakuona muziki ni takataka ya uswahilini. Kuna watu wamejifunza kusikiliza stori kwa Professor Jay na Zali la Mentali kabla hawajashika riwaya yoyote. Wimbo ukimfundisha mtu kufuata kisa, kitabu kinamkuta tayari.

Machawa watasema, "Angalau anahamasisha watu kusoma." Anahamasisha nini? Mtoto anayeamini kwamba msomaji wa kweli anamaliza kumi kwa mwezi, yeye akichukua wiki tatu kwa kimoja, ataona hana akili. Ataacha. Wakati wiki tatu kwa kitabu kimoja, huku unafanya kazi na kupanda daladala mbili, ni mwendo mzuri tu wala hauna aibu.

Na sasa kilichofunika yote: dada kaanzisha kundi la wasomaji, kiingilio elfu ishirini kwa mwezi, unapata "muhtasari wa vitabu kumi". Muhtasari wa mtu anayesema Yusuf kamsogeza kwa Mungu! Hiyo elfu ishirini ni ya vijana kama yule muuza vifaa vya simu. Pembeni ya barabara pale Posta kuna vitabu vya mtumba vimepangwa chini, na Maktaba Kuu ipo palepale mjini, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Nauli ya kwenda na kurudi haifiki hata robo ya hicho kiingilio.

Hakuna aliyemkataza dada kupiga picha na vitabu. Ni vyake, kanunua kwa hela yake. Ila mwezi ujao aposti kimoja tu, aseme ndani yake kuna nani na limempata lipi. Na aanze kwa kumfungulia yule kijana bloku. Bado anasubiri kujibiwa kuhusu Yusuf.