Naenda Masasi, ila si kama nilivyopanga

Wiki hii nina la kukiri.

Mwezi wa pili, kanisani kwetu hapa Catford walitangaza safari ya kujitolea: wiki nne za kufundisha Kiingereza kwenye shule ya Kikristo Tanzania. Niliposikia shule yenyewe iko Masasi, mkono ukanyanyuka wenyewe. Masasi ni kwao Baba. Mimi nimezaliwa Lewisham, nimekulia Lewisham, na Masasi nimefika mara mbili tu. Nikajiambia, sasa na mimi nitarudisha kitu nyumbani.

Jumapili nikampelekea Baba habari. Alikuwa anatafuna korosho zake mbele ya televisheni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hapa Lewisham, mama, wangekuachia darasa?"

Nikanyamaza. Kazi yangu mnaijua, mimi ni mwalimu msaidizi shule ya msingi. Nakaa na watoto wanaohangaika kusoma, nafunga kamba za viatu, nafuta kamasi. Cheti cha ualimu sina. Sasa iweje nishuke kwenye ndege tu, nikabidhiwe watoto wa watu?

Baba hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe alifundishwa na Mwingereza wa kujitolea, mwaka 1967, shule ya misheni huko huko. Enzi hizo askofu wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, yule aliyepambana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, na shule za misheni zilikuwa bado hazijataifishwa. Kijana alikuwa mpole, anasema Baba, ila alifika katikati ya aljebra, muda wake ukaisha, akarudi kwao. Sehemu iliyobaki wakaisoma wenyewe kwa kuazimana madaftari. "Tulimwimbia wimbo wa kwaheri," Baba akasema. "Mtihani tukaufanya bila yeye."

Halafu kuna suala la karatasi. Tanzania haina uraia pacha, na pasipoti yangu ni ya Uingereza. Ili nijitolee kwenye wilaya aliyozaliwa baba yangu inabidi niombe kibali cha ukaazi daraja C, kile kile wanachoomba wamisionari. Inauma kidogo, sitaficha.

Nikaanza kusoma habari za hao wamisionari. Caroline Thackeray alifika Zanzibar mwaka 1877, akafundisha Mbweni, kwenye shule ya mabinti waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wamisionari wana mengi ya kulaumiwa, na kwenye kipindi tumeshayasema. Lakini bibi huyu alikaa. Alifia Zanzibar mwaka 1926, karibu miaka hamsini baadaye. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nne na kofia ya jua.

Sisemi kwamba msaada hautakiwi. Kule mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, hata baiolojia. Binamu yangu anakueleza usanisinuru vizuri kabisa, mradi umuulize kwa Kiswahili. Kwenye mtihani hakuna anayemuuliza hivyo.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: kumuuliza mwalimu mkuu. Shangazi akanitafutia namba, nikatuma ujumbe wa WhatsApp. Akanijibu kwa sauti, dakika sita, jogoo anawika nyuma yake.

"Walimu wa Kiingereza ninao wawili, dada, tena wazuri. Ninayemkosa ni mtu wa kukaa na kidato cha kwanza jioni, wasome kwa sauti, mmoja mmoja. Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini hawezi. Ila usije wiki nne. Kaa muhula."

Yaani kazi ile ile ninayoifanya hapa kila siku! Nikacheka peke yangu jikoni.

Kwa hiyo nimejitoa kwenye safari ya kanisa. Mchungaji hakufurahi, lakini tumeelewana. Nimeomba likizo bila malipo kwa muhula mzima kuanzia Januari, wakati kidato cha kwanza wanapoanza. Shuleni kwetu bado hawajanijibu, na wakikataa itabidi nichague. Kodi ya chumba nayo hainisubiri. Nawaambia haya kwa sababu kujitolea kunasimuliwa kana kwamba ni moyo tu, kumbe ni hesabu pia.

Nilipomweleza Baba, alitafuna korosho mbili tatu kwanza. Kisha akasema watoto wa kule jioni wanapiga soga kwa Kimakua, nitakuwa nimekaa kama gogo. Sasa kila Jumapili baada ya chakula ananifundisha salamu. Anasema naongea Kimakua cha Catford.

Kwenye kipindi cha wiki hii mtamsikia mwenyewe. Na wewe uliyewahi kwenda kujitolea nyumbani, au uliyefundishwa na mgeni akaondoka katikati, tuandikie.