Kipanya Kibovu Kisikununulishe Kompyuta Mpya

Jamani, tuseme ukweli. Kitu kikileta shida hapa Uingereza, wazo letu la kwanza ni kununua kingine. Sisi hapa Neasden nusura tufanye hivyo. Kompyuta yetu ya mezani, ya zamani kidogo, ilianza vituko: tunabofya mara moja, yenyewe inafungua mara mbili. Dukani tukaambiwa mashine imezeeka, tutafute mpya ya pauni 400. Pauni 400! Hiyo si karo ya mtoto kule nyumbani?

Kumbe mgonjwa hakuwa kompyuta, alikuwa kipanya. Tulikichomeka kwenye laptopu ya jirani, kikafanya vituko vilevile. Jibu tukalipata bila kutoa hata senti.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: usitoe hela kabla hujapima. Kipanya kikikwama, kihamishie tundu jingine la USB. Kama hakina waya, badilisha betri. Kigeuze, futa lile jicho la taa kwa kijiti cha pamba, na usikitumie juu ya kioo. Kama plagi yake ni ile ya duara ya zamani, zima kompyuta kwanza ndipo ukichomeke. Ila kikijibofya mara mbili, mara nyingi swichi ya ndani imechoka, na kufuta hakusaidii. Kipya cha waya unakipata kwa chini ya pauni 10.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo. Wala si madogo. Wengi wetu tunatumia kompyuta hiyohiyo kutuma pesa, na bofyo moja la ziada linaweza kukupitisha ukurasa wa kuhakiki kabla hujasoma jina la mpokeaji. Pesa ikishaingia kwenye simu ya mtu mwingine, kuirudisha ni kazi. Kipanya kikiwa hakieleweki, sogea kwa kitufe cha Tab na ukubali kwa Enter, au tuma kwa simu.

Tunakubali, kuna kompyuta za kustaafishwa. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo ni suala la usalama. Lakini amua kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya kipanya. Ukikwama, The Restart Project, iliyoanza London mwaka 2012, huandaa mikusanyiko ambapo mafundi wa kujitolea hukusaidia kutengeneza kifaa chako mwenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeuziba, na hela iliyobaki inajenga ukuta kweli, kule kijijini.