Joto Lipotealo Bombani

Mama aliyekwisha kuepua chungu hayaachi makaa yateketee bure. Huinjika birika la maji ya kuoga. Gari halina akili hiyo. Lori litokalo Palma kwenda Quionga likiwa na shehena hutumia takriban theluthi moja tu ya nguvu ya dizeli kwa kuvuta. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huishia katika rejeta na misuguano. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa chini ya bahari upande wa Palma, lakini dereva wa Quionga angali akinunua mafuta kwa lita, sawa na mwenzake wa Mtwara ng'ambo ya Ruvuma.

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata mwaka 1905 hataza ya chombo cha kuutumikisha moshi huo. Ndicho kizazi cha turbo ya leo. Moshi wa moto huzungusha feni ndogo. Feni hiyo huzungusha nyingine iliyo kwenye mhimili uleule, nayo hushindilia hewa katika silinda. Hivyo injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Mwaka 1991 Scania ya Sweden ilikwenda mbali zaidi, ikaweka katika malori feni ya pili iliyorudisha nguvu ya moshi moja kwa moja kwenye injini. Ufundi huo ni mzuri, ila una vyuma vingi vya kutengeneza.

Turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Hapo ndipo madereva wengi hukosea. Gari limetoka kuhangaika mchangani, dereva anafika, anazima papo hapo na kuruka chini. Oili inasimama ndani ya chuma chenye moto mkali, inaungua na kuwa masizi magumu, na siku ya kumkimbiza mgonjwa gari linatoa moshi wa buluu na kukosa nguvu. Dawa yake ni kuiacha injini iungurume taratibu dakika mbili au tatu kabla ya kuizima, na kubadili oili kwa wakati. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haikutoka kiwandani na turbo; hiyo haihitaji subira hiyo, ila oili safi inaihitaji vilevile.