Mjamzito Asiyeumwa Naye Apimwe

Meza yangu ya vitenge iko Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, ila wapo wanaokuja bila haja ya kitenge. Wanajua kabla ya kustaafu nilikuwa mkunga. "Shikamoo, mama nesi," halafu kadi ya kliniki inachomolewa kwenye pochi. Majuzi muuza viatu mmoja, mimba ya miezi saba, alichomoa na karatasi ya sipro, nusu keshaimeza. Duka la dawa walimwambia ana UTI sugu. Mkojo hakuna aliyeupima. Nikamwambia aiache na aende kliniki siku hiyohiyo, maana sipro si ya kumpa mjamzito kiholela.

Simlaumu. Anasimama tangu asubuhi, choo ni cha kulipia na kina foleni, kwa hiyo maji hanywi na mkojo anaubana. Tena huyu angalau ana kinachomuunguza, na kinachounguza hutafutiwa dawa. Ninayemhofia ni jirani yake wa kibanda cha pili, asiyeumwa chochote.

Bakteria huweza kujaa kwenye mkojo wa mjamzito bila homa wala maumivu. Wakiachwa hupanda kwenye figo, na mimba huweza kuishia kwa mtoto njiti. Kile kijiti cha kuchovya hakiaminiki sana kwa kazi hii, ndiyo maana tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka mkojo wa mjamzito uoteshwe maabara panapowezekana. Akikutwa nao, dozi ni ya siku 7.

Yupo mwingine mkimya kuliko hao: streptokokasi wa kundi B. Anaishi utumboni na ukeni, mwenyewe hana habari. Mwaka 2009 Agricola Joachim na wenzake walichapisha waliyoyakuta Muhimbili, hapo Upanga tu: kati ya wajawazito 300, asilimia 23 walikuwa naye. Kwa watoto wachanga 310 ilikuwa asilimia 8.9. Wengi wa watoto hao hawaugui. Anayeugua ndiye aliyenikosesha usingizi miaka yangu ya leba: jioni ananyonya vizuri, usiku anakataa ziwa, anahema mbio, anaguna kila akitoa pumzi, mwili unalegea. Bibi anasema ni jicho la mtu. Kumbe bakteria wameshaingia kwenye damu, au kwenye mapafu, au ni homa ya uti wa mgongo.

Vidonge vya mwezi wa saba havimsaidii mtoto huyo, kwa sababu bakteria hurudi tena kutoka utumboni. Dawa hupitishwa kwenye mshipa wa mama akiwa kwenye uchungu, penisilini au ampisilini, na hufaa zaidi ikitangulia angalau saa 4 kabla mtoto hajatoka. Ni dawa za zamani, za bei nafuu. Katika utafiti ule wa Muhimbili, ampisilini iliwaweza bakteria hao wote.

Lakini nani atajua wa kumpa? Hapa sokoni chupa inapasuka saa 5 asubuhi, mtu anabadili khanga, anarudi kufunga hesabu za bosi. Anafika leba alfajiri ya kesho yake. Akiulizwa maji yalitoka lini, anajibu "sasa hivi", maana anaogopa kugombezwa. Maji yakipita saa 18, hatari kwa mtoto inaongezeka, na sisi wakunga kwa midomo yetu ndio tuliowafundisha akina mama kudanganya saa.

Najua wizara itasema fedha. Ni kweli, hata Uingereza hawampimi kila mjamzito, wakati Marekani humchukua kila mmoja sampuli ya ukeni na ya njia ya haja kubwa wiki ya 36 au 37. Sidai ya Marekani kesho asubuhi kwa kila zahanati. Nadai mkojo uoteshwe mara moja, mapema, kwa kila mjamzito penye maabara, na hospitali za rufaa za jiji hili zianze na sampuli ya wiki ya 36. Majibu yaandikwe kwenye kadi kama yanavyoandikwa ya kaswende, yasomeke na nesi wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kumwona mama huyo. Na mabosi wa Kariakoo, binti akisema chupa imepasuka, hesabu fungeni wenyewe.