Bei Moja ya Karatasi Inampunja Nani?

Wenye viwanda vya uchapaji wana kauli wanayoipenda: ndani ya programu ya kukadiria kazi, karatasi iwe na bei moja, mteja awe yeyote na idadi iwe yoyote. Punguzo, kama lipo, litolewe mwishoni kwenye jumla. Wanasema ni rahisi na ni haki. Urahisi nawakubalia. Haki siioni.

Chukua vipeperushi vya A5 vinavyochapwa kwenye SRA2, karatasi ya milimita 450 kwa 640, ambayo moja hutoa vinane. Oda ya 1,000 inahitaji karatasi 125, na tuseme 100 nyingine za fundi kupangia mashine na kusawazisha rangi. Oda ya 20,000 inahitaji 2,500, na za majaribio labda 150. Oda ndogo inatupa zaidi ya asilimia 40 ya karatasi zake; kubwa haifiki hata asilimia 6. Upotevu huo programu nyingi huuhesabu. Kinachosahauliwa ni ununuzi. Zile 225 zimetoka kwenye pakiti za dukani, na kilichobaki kinakaa rafuni kikivuta unyevu. Zile 2,650 zimenunuliwa kwa jumla na kuishia mashineni. Ukimtoza mkubwa bei ya rejareja, unamfukuza polepole. Ukimtoza mdogo bei ya jumla, unachapa kwa hasara huku ukishukuru kupata kazi.

Isitoshe, hiyo bei moja haidumu hata siku moja. Kotesheni ikitoka, mteja anabembeleza na meneja anakata asilimia 10 ya jumla. Amekata pia pleti, ukunjaji na ujira wa fundi, ambavyo havikushuka hata senti. Mwenye ulimi mtamu analipa kidogo kuliko mnyamavu, na sababu haijaandikwa popote.

Basi wekeni madaraja ya bei, ila kwa uangalifu, maana hapa ndipo wengi huungua. Tuseme chini ya karatasi 1,000 kila moja ni shilingi 300, na kuanzia 1,000 ni shilingi 250. Mwenye karatasi 900 atalipa 270,000. Mwenye 1,000 atalipa 250,000. Amechukua zaidi na amelipa pungufu! Mteja mjanja ataligundua hilo kabla ya mhasibu wako. Dawa ni kuiambia programu kwamba bei ya chini ihusu karatasi zinazozidi kiwango tu: za kwanza 1,000 zibaki kwa 300, ya 1,001 ianze 250. Punguzo linakuwa la taratibu, na hakuna anayepata faida kwa kuongeza oda asiyoihitaji.

Bei ya mteja mmoja mmoja ndiyo inayowaudhi watu zaidi. Wanaiita upendeleo, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mwenye fedha mkononi na anayechukua mali kauli kwa miezi mitatu hawakugharimu sawa. Ikiwa benki inakutoza riba ya asilimia 18 kwa mwaka, karatasi ya shilingi milioni 2 iliyokaa siku 90 bila kulipwa imekula karibu 90,000. Kuwatoza bei ileile ni kumlipisha wa kwanza deni la wa pili. Upendeleo ni ile tofauti isiyoweza kuelezwa. Iliyoandikwa kwenye programu pamoja na sababu yake, hata mshindani wako angeielewa.

Kuna mtego mwingine. Mteja wa miaka mingi amepewa bei maalumu ya 280. Siku akileta oda ya karatasi 20,000, mgeni aliyeingia kwa madaraja anaangukia karibu na 250, na huyu wa kudumu anabaki kwenye 280 yake. Programu ilinganishe hizo mbili na kuchukua iliyo chini. Na kila bei maalumu iwe na tarehe ya mwisho. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, hapa Tanzania, kinajulikana kwa karatasi ya kahawia ya vifungashio. Nyeupe ya kuchapia kwa sehemu kubwa huja na meli, na bei yake hufuata dola. Ahadi ya Januari isiyo na kikomo ni mzigo ifikapo Agosti.

Yupo pia yule anayeleta karatasi yake mwenyewe. Kwa wa bei moja huyu ni kero, na mara nyingi wanaifuta karatasi kabisa kwenye kotesheni yake. Bei iwe sifuri, sawa, lakini hesabu ya karatasi ibaki, pamoja na zile 150 za majaribio, na mteja aione kabla hajaenda dukani. Vinginevyo mwenye oda ya vipeperushi 20,000 ataleta karatasi 2,500 kamili, atakabidhiwa vipeperushi 18,800, na atataka kujua 1,200 vyake vimeliwa na nani.